Ngisi Aliyewaka Wakati wa Daku: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Shauri lenyewe lilikuwa la kilo mbili za ngisi. Mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, alikataa kumalizia deni la ngisi alionunua jana yake, na kijana aliyemuuzia, anayechuuza samaki kwa ndoo mlango kwa mlango, akakataa kuondoka barazani mpaka alipwe. Sababu ya mama ni kwamba ngisi walikuwa wakiwaka. Hakuwa na maana ya ule mng'aro wa samaki mbichi juani. Walitoa mwanga wao wenyewe gizani, ndani ya beseni, rangi yake kati ya buluu na kijani.

Kabla sijafika majirani walikuwa wameshatoa hukumu mbili. Ya kwanza haihitaji maelezo: kitu kikiwaka chenyewe usiku, mwenye kulaumiwa anajulikana na wala hadaiwi. Ya pili ilikuwa nzito zaidi kwa sababu ingemvunjia kijana jina: kwamba ametia fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ili ngisi wasioze. Mimi niliitwa kwa kuwa nasomesha baiolojia shule ya upili na nyumba yangu iko karibu. Nakiandika kisa hiki kwa sababu ufunguo wake ni protini moja ya bakteria inayoshika herufi 20 za DNA, na ukishaielewa, lile shtaka la fomalini linaanguka lenyewe. Linabaki shtaka jingine ambalo hakuna aliyelitaja pale barazani.

Mambo yalivyofuatana

Ilikuwa Ramadhani. Kwa maelezo ya wote wawili, ngisi walifika gatini saa kumi alasiri, wakatolewa wino na kusuuzwa hapo hapo kwa maji ya bahari, wakauzwa saa kumi na mbili kasoro. Mama alikaanga wachache wa futari, waliokula hawakudhurika. Waliobaki aliwatia kwenye beseni la plastiki, akalifunika kwa sahani iliyokaa upande, akaliweka ndani ya friji. Saa tatu usiku, watu wakitoka tarawehe, stima zikapotea mtaa mzima.

Saa kumi alfajiri aliamka kupika daku, stima hazijarudi. Alipofungua friji aliona mwanga kule chini. Akamwita bintiye aje: "Ndoo uone!" Binti akadhani ni simu iliyosahaulika ndani ya beseni, akatia mkono kuitafuta. Alipoutoa, vidole vyake navyo vilikuwa vikiwaka.

Lile jambo la stima lina uzito wa aina mbili. Kukatika kwake ndiko kulikoligeuza friji kuwa kabati la joto. Lakini pia zingekuwapo, taa ya friji ingewaka mlango ulipofunguliwa na hakuna ambaye angeona chochote. Naamini ngisi wa namna hii hupikwa na kuliwa mara nyingi pwani yote bila mtu kujua, kwa sababu tu jikoni mna taa.

Tulivyojaribu

Nyumba za mawe za Lamu zina chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ukifunga mlango, hata saa nne asubuhi ni giza la kutosha. Tuliingia watatu: mama, kijana na mimi, tukakaa kimya mpaka macho yakazoea. Mwanga ukajitokeza polepole, hafifu, umetapakaa juu ya utelezi wa ngozi ya ngisi kama madoa, si ndani ya nyama.

Niliupangusa utelezi kwa kidole na mwanga ukahamia kidoleni. Kipande kimoja nilikitia kwenye bakuli la maji ya bahari, kingine kwenye maji matamu ya mfereji. Cha maji ya bahari kiliendelea kuwaka. Cha maji matamu kilififia mbele ya macho yetu kikazimika. Kipande cha tatu nilikitia kwenye mfuko wa plastiki, nikausokota mpaka hewa ikatoka yote, tukasubiri. Mwanga ulipungua sana. Nilipoufungua mfuko na kuutikisa, ukarudi.

Mambo haya matatu yanatosha. Mwanga unaopanguswa na kuhamia kidoleni umo katika kitu kilicho juu ya ngozi. Mwanga unaohitaji hewa ni mwako wa kikemikali unaotumia oksijeni; Robert Boyle alilionyesha jambo hilo Uingereza katika miaka ya 1660, alipofyonza hewa kwa pampu kwenye chombo chenye samaki anayewaka na mwanga ukazimika. Na mwanga unaozimwa na maji matamu unatoka kwa viumbe hai wa baharini: seli zao zimezoea chumvi, na zikitumbukia ghafla kwenye maji yasiyo na chumvi huvimba na kupasuka. Kwa hiyo hawa ni bakteria wa mwanga, jamii za Vibrio na Photobacterium, wanaoishi baharini kila mahali na huwa juu ya ngozi ya samaki hata kabla hajaingia mashuani.

Shtaka la fomalini lilikwisha hapo. Fomalini huua bakteria kwa kuzifunganisha protini zao zisiweze kufanya kazi. Ngisi aliyelowekwa fomalini asingewaka hata kidogo. Kile kitu kilicholetwa kama ushahidi dhidi ya kijana ndicho kilichomsafisha, na nilimwambia mama hivyo kabla hatujatoka chumbani.

Kwa nini alfajiri, si magharibi

Mama hakuridhika, na swali lake lilikuwa zuri kuliko ya watu wote barazani. "Mwalimu, wewe wasema hao bakteria walikuwako tangu baharini. Mbona magharibi nimewakata kwa mkono wangu, ukumbini giza limeshaingia, sikuona kitu?"

Jibu jepesi ni kwamba magharibi walikuwa wachache mno, mwanga wao usingeonekana. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Bakteria hawa wakiwa wachache hawatoi mwanga mdogo unaolingana na uchache wao. Karibu hawatoi kabisa. Jeni za mwanga, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo ya kuutengeneza, zimezimwa ndani ya kila seli. Idadi ikifika kiwango fulani, jeni huwashwa katika kundi zima karibu kwa pamoja.

Jambo hilo liliandikwa mwaka 1970 na Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings huko Marekani. Walikuza bakteria wa mwanga kwenye mchuzi wa maabara na kuona kwamba kwa saa za mwanzo seli huongezeka bila kimeng'enya cha mwanga, yaani protini inayoendesha mwako huo, iitwayo lusiferesi, kutengenezwa kwa kiasi cha maana. Kisha kikaanza kutengenezwa kwa kasi kubwa. Wakichukua mchuzi ambao bakteria wengi wameshaishi ndani yake, wakauchuja na kuwatia humo bakteria wachache, hao wachache nao huwahi kuwaka. Ndani ya mchuzi mlikuwa na ishara.

Bakteria aliyechunguzwa zaidi ni Vibrio fischeri, ambaye siku hizi wengi humwita Aliivibrio fischeri. Ana jeni iitwayo luxI, inayotengeneza kimeng'enya LuxI, ambacho nacho hutengeneza molekuli ndogo ya ishara ya jamii ya homoserini laktoni. Molekuli hii hupenya utando wa seli, kutoka na kuingia. Moshi wa udi unaofukizwa darini hupotea na upepo, lakini ndani ya chumba kilichofungwa hujaa mpaka kwenye nguo. Ishara hii nayo ni hivyo hivyo. Baharini, bakteria mmoja mmoja akielea peke yake, ishara yake hupotea majini. Kwenye utelezi wa ngisi ndani ya beseni, bakteria wamebanana, ishara haina pa kwenda. Hurundikana nje ya seli na ndani yake.

Hapo ndipo inapokuja protini ninayoiona kuwa kiini cha kisa chote: LuxR.

Herufi ishirini

LuxR ni mnyororo wa asidi amino 250 hivi wenye sehemu mbili. Sehemu moja hupokea ishara, nyingine hushika DNA. Bila ishara, protini hii haikai katika umbo lake sawasawa na huvunjwa upesi. Ikipata ishara hujikunja vizuri, huungana mbili mbili, na ile sehemu ya pili huwa tayari kwa kazi.

Kazi yenyewe ni kutafuta mahali pamoja kwenye DNA ya bakteria yenye mamilioni ya herufi. Mahali hapo pameandikwa hivi:

ACCTGTAGGATCGTACAGGT

Tazama herufi 7 za mwanzo, ACCTGTA, na 7 za mwisho, TACAGGT. Katika DNA, A hukabili T na C hukabili G kwenye uzi wa pili, na uzi huo husomwa kwa mwelekeo wa kinyume. Ukiandika uzi wa pili wa zile 7 za mwisho, ukausoma kwa mwelekeo wake, unapata ACCTGTA. Yaani maneno ni yale yale, moja kwenye kila uzi, yameelekeana. Ndiyo sababu protini huja mbili: kila moja hushika nusu yake, na zote mbili zikishika, mshiko unakuwa imara kuliko mara mbili ya mmoja.

Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba lazima nyuzi za DNA zifunguliwe ndipo herufi zisomeke. Kwa protini za aina hii sivyo. Nyuzi mbili zinapojisokota huacha mifereji miwili ubavuni, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Kingo za herufi hujitokeza ndani ya ule mfereji mpana, na kila jozi ina mpangilio wake wa mahali pa kushikwa na haidrojeni. Protini ina kipande kidogo chenye umbo la msokoto kinachoenea sawasawa ndani ya mfereji huo. Kipande hicho kikikutana na mpangilio unaokilingana, hunasa. Kikikosa, huachia na kusonga mbele. Muundo huu, wa msokoto, kona, kisha msokoto, umo katika mamia ya protini za bakteria.

Zile herufi 20 zimekaa nyuma kidogo ya mwanzo wa mfululizo wa jeni za mwanga. Kutoka katikati yake mpaka pale unakili wa jeni unapoanzia ni herufi kama 42. Umbali huo ndio unaofanya mshiko uwe na maana. LuxR ikikaa hapo, inakuwa bega kwa bega na polimeresi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA (ujumbe wa kutengenezea protini), ambacho peke yake kingefika pale na kuondoka bila kufanya lolote la maana. LuxR hukigusa, hukituliza mahali pake, na unakili huanza. Jeni mbili katika mfululizo huo, luxA na luxB, hutengeneza lusiferesi; tatu nyingine, luxC, luxD na luxE, hutengeneza mafuta maalumu ambayo lusiferesi huyachoma kwa oksijeni. Sehemu ya nishati hiyo hutoka kama nuru ya buluu-kijani, urefu wa mawimbi yake ukiwa karibu nanomita 490.

Na jeni ya kwanza kabisa katika mfululizo ule ule ni luxI, mtengeneza ishara. Ishara ikizidi kidogo, LuxR hushika DNA. LuxR ikishika, LuxI huongezeka. LuxI ikiongezeka, ishara huzidi tena. Ndiyo maana mwanga haupandi polepole kama mafuta yanavyopata moto. Hulipuka. Mwaka 1983 Joanne Engebrecht, Nealson na Michael Silverman walikata kipande cha DNA chenye herufi kama 9,000 kutoka kwa bakteria huyu, wakakitia ndani ya Escherichia coli, bakteria wa tumboni asiyejua kuwaka. Naye akawaka, tena kwa kusubiri wenzake wawe wengi kwanza. Swichi nzima ilikuwa imo ndani ya kipande hicho. Utaratibu huu ulipewa jina la kuhisi akidi, yaani kuhisi kwamba idadi imetosha, mwaka 1994.

Nirudi kwenye beseni. Tukikadiria kwamba ngisi walikaa kwenye joto saa mbili ndani ya ndoo na saa saba ndani ya friji lisilo na stima, hizo ni saa tisa. Bakteria wa bahari za joto wakijigawa kila nusu saa, saa tisa ni migawanyo 18, na kila bakteria mmoja anakuwa 262,144. Ni hesabu ya kukisia, maana friji halipati joto papo hapo. Lakini inaonyesha kwa nini magharibi kulikuwa kimya na daku kukawa na taa.

Mama akauliza tena kama si ngisi mwenyewe anayejiwasha. Kwa hawa wetu, hapana. Ila huko Hawaii yupo ngisi mdogo, Euprymna scolopes, mwenye kiungo maalumu tumboni anamowafuga Vibrio fischeri hao hao, katika msongamano wa mabilioni kwa mililita, ili mwanga wao ufute kivuli chake usiku. Kila alfajiri huwatema karibu asilimia 95 yao na kuwaacha wachache waanze upya. Kijana alicheka sana kusikia hivyo.

Si swichi moja kwa wote

Kwa macho na bakuli la maji huwezi kutaja jina la bakteria aliyekuwa kwenye beseni, na hilo si dogo, kwa kuwa jamaa hawa hawatumii mtambo mmoja. Vibrio harveyi, anayejulikana sana na wafugaji wa kamba kwa kuwaua kamba wachanga kwenye matangi, naye ana protini iitwayo LuxR inayoshika DNA na kuwasha jeni za mwanga. Jina ni lile lile lakini protini ni nyingine kabisa. Ya harveyi ni ya ukoo wa TetR, ule wa protini inayozuia jeni za usugu dhidi ya dawa ya tetrasaiklini. Na haingoji kushikwa na ishara. Bakteria wakiwa wachache, RNA fupi fupi huharibu ujumbe wa kuitengeneza. Wakiwa wengi, RNA hizo hukoma na protini hutengenezwa.

Ndugu yake LuxR hiyo ndani ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, huitwa HapR, na matokeo yake ni kinyume na tunavyotarajia: wakishakuwa wengi, HapR huzima njia inayowasha jeni za ugonjwa, kwa sababu wakati huo faida iko katika kutoka nje ya mtu na kusambaa. Naye Photobacterium phosphoreum, anayestahimili baridi na hupatikana sana kwenye samaki waliohifadhiwa kwa barafu, hana jozi ya luxI na luxR kando ya jeni zake za mwanga.

Ninalisisitiza hili kwa sababu vitabu vya shule hufundisha mfano mmoja tu, ule wa laktosi ambao François Jacob na Jacques Monod waliuchapisha mwaka 1961: protini imekaa kwenye DNA kama kizuizi, sukari ikija inaondoka, jeni zinafanya kazi. Ni mfano mzuri. Lakini mwanafunzi hubaki akidhani kazi ya protini hizi ni kuzuia tu. Ellis Englesberg aliposema katika miaka ya 1960 kwamba jeni za sukari ya arabinosi huwashwa na protini, si kufunguliwa kwa kuondolewa kizuizi, ilimchukua muda kuaminiwa. LuxR iko upande wake.

Nani alipe

Mwanga wenyewe si sumu. Bakteria hawa wengi wao hawamdhuru mtu mwenye afya, na moto wa kikaango huwamaliza. Lakini swichi ile haiwaki mpaka msongamano uwe mkubwa, na joto lililowazidisha hao limewazidisha pia bakteria wengine wasiotoa mwanga. Nilimwambia mama asiwapike. Wangekuwa nguru au jodari ningesema kwa sauti kubwa zaidi: nyama ya samaki hao ina histidini nyingi, bakteria huigeuza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Photobacterium phosphoreum ni mmoja wa wanaoitengeneza.

Kuhusu deni, sikuona njia ya kumtwika mmoja. Kijana hakutia dawa, hilo limethibitika, ila aliwatembeza ngisi juani kwa saa mbili bila hata kipande cha barafu. Mama aliwaweka panapofaa, stima zikamwangusha. Wakakubaliana mama alipe nusu ya salio. Ngisi wakamwagwa kichochoroni, na paka wa Langoni hawakuuliza habari ya bakteria.

Kijana alinisindikiza mpaka kona, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwa hivyo nikiwasuuza kwa maji ya mfereji badala ya maji ya bahari, hawatawaka tena?"

Nikamwambia hawatawaka. Maji matamu yatawapasua hao wa mwanga, lakini wasiowaka wengi watabaki kama walivyo, na histamini iliyokwisha kuingia kwenye nyama ya jodari haisuuziki. Atakuwa ameiondoa taa, mteja atakosa hata hiyo ya kumwonya. Anunue barafu asubuhi, kabla mashua hazijarudi, awafunike ngisi juu na chini, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji yanayoyeyuka. Akataja bei ya barafu ya siku hizi, tukaizungumza hiyo mpaka jua likawa kali.